Molekuli za angani sio "hai" jamani

Juzi kwenye grupu la familia imetumwa meseji, ile ya kusambazwa mara nyingi mpaka haijulikani imetoka wapi, inasema wanasayansi wamepata "molekuli hai" kwenye wingu la gesi huko mbali, na chini yake shangazi kashaandika kwamba kumbe tuna wenzetu. Nimekaa nayo siku mbili sikujibu kitu. Mi hii mada naipenda sana na kwa kweli shangazi hana kosa, kosa liko kwenye neno.

Sisi tuna kilimo hai, yaani mboga isiyopigwa dawa za viwandani, sa mtu anayetafsiri habari akikuta lile neno la Kizungu la kilimo hai, "organic", limewekwa mbele ya molekuli anaandika "molekuli hai" na kuendelea na safari. Lakini kwenye kemia neno hilo linahusu kaboni, basi. Fomalini ya mochwari imetengenezwa na gesi ya ukoo huo huo, na spiriti ya kusafishia vidonda pia, na sijawahi kusikia mtu akisema spiriti iko hai.

Na ujue fomaldihaidi, gesi inayotengeneza hiyo fomalini, ndio ilikuwa ya kwanza ya aina yake kuonekana kati ya nyota, mwaka 1969, Lewis Snyder na wenzake watatu wakitumia darubini ya redio ya Green Bank kule Marekani. Likafuata methanoli mwaka 1970, ile ile inayopofusha watu kwenye gongo mbovu. Mwaka 1975 ikapatikana ethanoli, pombe yenyewe, kwenye wingu kubwa linaitwa Sagittarius B2 karibu na kitovu cha galaksi yetu. Leo orodha ya molekuli zote za angani, zenye kaboni na zisizo nayo, imeshapita 300.

Wanazijuaje wakati hakuna chombo kilichofika huko? Hapa ndipo napopapenda. Molekuli ikiwa kwenye gesi inazunguka kama pia, ila haizunguki kwa kasi yoyote inayotaka, ina ngazi zake, na ikishuka ngazi moja inatoa wimbi la redio la masafa maalum yasiyobadilika. Kwa hiyo molekuli moja ni kama stesheni inayorusha matangazo kwenye masafa mengi kwa pamoja, mengine kwa nguvu mengine kwa unyonge, na mpangilio huo hauigwi na molekuli nyingine. Kwanza wanaipima maabara hapa hapa duniani, wanaandika masafa yake yote, halafu ndio wanaelekeza darubini angani kuyatafuta.

Shida ni kwamba wingu kama Sagittarius B2 limejaa. Ni kama kuzungusha kitufe cha redio ya zamani usiku, stesheni zimebanana, hii inaingia juu ya ile, sa ukitafuta chochote lazima utakuta kitu mahali ulipotarajia. Ndio yaliyotokea kwa glaisini, ile asidi ya amino ndogo kuliko zote, tofali la protini. Mwaka 2003 timu moja ilitangaza imeipata kwenye mawingu matatu, wakaonyesha mistari 27, yaani masafa 27 yaliyolingana na ya glaisini. Mistari 27 jamani, mimi ningeshangilia! Mwaka 2005 kundi jingine likarudia hesabu na kusema hapana, kama kweli ni glaisini basi ilibidi pia iwepo mistari fulani na fulani, na hiyo haipo. Kiongozi wa kundi hilo ni Lewis Snyder, yule yule wa mwaka 1969. Mtu aliyefungua mlango ndiye aliyekataa kupitisha mgeni bila kumkagua, na kwangu mimi hiyo makala yao ya kukataa ni kubwa sawa na ugunduzi wowote. Glaisini imeshaonekana kwenye vimondo vyenye mkia, chombo cha Rosetta kiliithibitisha kwenye kimondo 67P mwaka 2016, lakini kwenye mawingu ya kati ya nyota mpaka leo bado.

Sa linganisha na benzini, lile pete la kaboni sita. Benzini imekaa sawa pande zote, haina upande wenye chaji zaidi ya mwingine, kwa hiyo hata ikizunguka haitoi wimbi la kusikika na darubini ya redio. Wakamtafuta ndugu yake, benzonitraili, ambaye ni pete hilo hilo limebandikwa kaboni na naitrojeni pembeni, na mwaka 2018 Brett McGuire na wenzake wakampata kwa darubini ya mita 100 ya Green Bank, huko ambako tangu 1958 kuna eneo la kilomita za mraba kama 34,000 ambamo mitambo ya redio imebanwa ili kusiwe na kelele. Wingu lenyewe linaitwa TMC-1, baridi yake ni kama nyuzi 263 chini ya sifuri. Mwaka 2024 humo humo wakatangaza sayanopairini, mapete manne yameshikana. Kwenye baridi hiyo! Mi kila nikifikiria nachoka.

Kwa hiyo kwenye grupu nimejibu hivi: shangazi, sio wenzetu, ni molekuli za kaboni, vifaa vya ujenzi kabla hakujawa na nyumba wala fundi. Na kama unataka kujua ziko wapi, Desemba jioni toka nje uangalie Kilimia, kile kikundi cha nyota, si unakijua, babu alikuwa anakitazama kabla ya kulima. Nyosha mkono, pima ngumi moja na kidogo kushuka kuelekea upeo wa mashariki. Hutaona kitu, ni giza tu, lakini TMC-1 iko hapo hapo.

Kajibu saa nne usiku kwamba mawingu yamefunga, atajaribu kesho.