Harufu ya Jasho na Mkono Usionawa

Wiki iliyopita, hapa Kampala, Uganda, nilipanda taksi ya abiria ya kwenda Bombo. Kabla hatujaondoka stendi akaingia baba mmoja wa makamo, viatu vimeganda saruji, shati limekaukia jasho. Madirisha yakafunguliwa. Mama mmoja akasema kwa sauti kwamba watu wa namna hii ndio wanaotuletea magonjwa, na kwamba serikali ikiwatoza faini watajifunza kuoga. Karibu abiria wote wakamuunga mkono. Yule baba akageukia dirishani, akanyamaza mpaka aliposhuka Bwaise.

Maneno ya mama yule hayajanitoka. Nusu yake ni kweli, na sitaki kuipuuza. Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara hutoka chooni vikaingia mdomoni, na mara nyingi hubebwa na mkono. Majaribio yaliyofanyika nchi nyingi, yakijumlishwa, yanaonyesha kuwa kunawa kwa sabuni hupunguza kuhara kwa karibu asilimia 30. Pale Kisenyi ninapopata chai ya asubuhi, kijana wa rolex, yaani chapati iliyokunjwa na yai, anavunja yai, anapokea noti ya elfu moja, anarudisha chenji, kisha anakunja chapati kwa vidole vilevile. Wakati wa korona alikuwa na ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni mbele ya kibanda. Ndoo bado ipo, ila bomba limevunjika na humo sasa anatupia maganda ya mayai. Yeye hawezi kusingizia umaskini. Dumu la lita 5, kamba na kijiti cha kukanyagia vinatosha kutengeneza kibuyu chirizi cha kunawia. Nasi Waislamu tunaotawadha mara tano kwa siku tusijidanganye: udhu hauna sabuni, na mkono uliotoka kuchamba unahitaji sabuni.

Lakini mama yule alikuwa akisema harufu, na hapo ndipo siafikiani naye. Harufu ya jasho inakera; haimwambukizi aliyeketi kando homa ya matumbo. Mwaka 2015 homa hiyo ilizuka hapa Kampala, watu zaidi ya 10,000 wakashukiwa kuugua. Wachunguzi walipofuatilia walifika kwenye maji na vinywaji vya matunda vilivyouzwa katikati ya jiji, maji yakiwa yamechanganyika na kinyesi. Aliyeoga asubuhi na asiyeoga walikunywa kikombe kilekile.

Halafu kuna maji yenyewe. Mlango wa pili kutoka kwangu wanaishi watu 6. Siku bomba likikauka, jerikeni la lita 20 hupanda hadi shilingi 500, na mama wa nyumba hiyo hununua manne. Lita 80 kwa watu 6 ni lita 13 na kidogo kwa kila mmoja, za kunywa, kupika, kuosha vyombo, kufua na kuoga. Viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura vinataka kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku. Jirani yangu, katika jiji kuu, siku hiyo yuko chini ya kiwango cha kambi ya wakimbizi. Nimemwona akiwaogesha watoto watatu kwenye beseni moja, maji yaleyale akapigia deki, yaliyobaki akamwagia chooni. Siwezi kumwita mchafu.

Wanaoamini kwamba elimu pekee itamaliza kazi nao wana la kujibu. Kati ya 2012 na 2016, ng'ambo ya mpaka wetu wa mashariki, katika Bungoma, Kakamega na Vihiga nchini Kenya, watafiti walipeleka klorini, vyoo bora na vifaa vya kunawia, wahamasishaji wakiwatembelea watu. Kuhara kwa watoto hakukupungua ukilinganisha na vijiji ambavyo havikupata huduma hizo. Jaribio kama hilo Bangladesh lilileta nafuu. Siwezi kusema kunawa ni kazi bure. Ninachokiona ni kwamba mgeni akishaondoka, mazoea mapya hudumu pale tu maji yalipo karibu.

Faini, basi? Mwaka 2010 maafisa walitangaza kwamba funza wameua watu 20 mashariki mwa Uganda. Funza hukulia kwenye vumbi la sakafu ya udongo, na faini haiwezi kuleta saruji ya sakafu hiyo. Kama ni lazima mtu atozwe, nataka awe yule aliyejenga vyumba kumi vya kupangisha na choo kimoja. Sheria ya Afya ya Umma, ambayo asili yake ni mwaka 1935, tayari inaruhusu mwenye jengo afuatwe. Mtaani kwetu nawaona maafisa wakifukuza wachuuzi. Kwa wenye nyumba sijawaona.

Kule Bwaise alikoshuka yule baba, ukichimba kidogo tu unakuta maji, kwa hiyo vyoo vingi vimeinuliwa juu ya ardhi, unapanda ngazi kuingia. Mvua kubwa ikinyesha, wapo wanaozibua tundu la chini ili kinyesi kiende na mafuriko. Baba huyo hupita humo na viatu vyake vya saruji mpaka mlangoni kwake. Akifika, kama bomba limekauka, jerikeni la kuogea ni shilingi 500 nyingine.