Baiskeli ya umeme: uundiwe na fundi au ununue ya kiwandani?

Ubishi wa baiskeli za umeme umegawa watu kambi mbili, na kila kambi inaiona nyingine haijui kitu. Wa kwanza wanasema chukua fremu ya mtumba, ile ya chuma yenye hendeli pana na matairi manene, nunua seti ya mota ya Kichina, mpelekee fundi, endesha. Wa pili wanasema huo ni uhuni wenye waya: kama una hela, nunua baiskeli iliyosanifiwa kuwa ya umeme tangu mwanzo, na kama huna, subiri. Mimi ni wa kambi ya kwanza, ila si kwa kila kitu, na pale ninapoachana nao sibembelezeki.

Fremu hiyo wanayoipenda waundaji ni ya mtindo wa kruza, uliotokana na baiskeli za Kimarekani za tairi nene. Mwaka 1933, Marekani ikiwa kwenye mdororo mkubwa wa uchumi, kampuni ya Schwinn ya Chicago ilileta baiskeli yenye tairi nene la upana wa zaidi kidogo ya inchi 2. Miaka miwili kabla ya hapo kampuni hiyo ilikuwa imeacha kutengeneza pikipiki, na ukizitazama baiskeli zilizofuata, zenye bomba zilizopinda na tangi la uongo katikati, unaona pikipiki haikuwa imewatoka kichwani. Leo mahali pa tangi lile ndipo waundaji wanapoficha betri. Nafasi ipo ya kutosha, uzito unakaa katikati, na tairi linameza mashimo bila kuhitaji shokapu.

Halafu ni chuma. Bomba la chuma likipasuka Kahama au Kilosa, yupo mtu wa kulichomelea siku hiyohiyo. Fremu ya alumini inataka mashine yake, gesi yake na mkono uliozoea, na hata ikishika, sehemu iliyopata moto hubaki dhaifu.

Kuna pia suala la keria. Baiskeli nyingi za umeme za mjini kutoka Ulaya, keria yake imeandikwa mwisho wa mzigo kilo 25 au 27. Gunia la mkaa hapo halipandi, abiria ndiyo usiseme. Wale vijana wa Shinyanga wanaopakia watu kwa baiskeli, ambazo huko zinaitwa daladala, wataifanyia nini? Wenyewe wanataka keria ya nondo iliyochomelewa, na fundi anawajua. Goma, huko Kongo, wamekwenda mbali zaidi: chukudu, skuta yao ya mbao ya kusukuma, inabeba mamia ya kilo za viazi na makaa, na mjini imesimamishiwa sanamu. Mhandisi wa baiskeli ya kwendea ofisini hakuuwaza mzigo wa namna hiyo.

Hadi hapo waundaji wanaongoza. Sasa tushuke kwenye gurudumu.

Mota ya ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ekseli yake haizunguki. Kinachozunguka ni ganda la nje. Ganda linapokwenda mbele, ekseli inasukumwa irudi nyuma kwa nguvu ileile, na kinachoizuia ni mdomo wa foku tu (foku ni ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele), pale inapokaa ikiwa imechongwa bapa pande mbili. Mdomo wa chuma unavumilia. Ule wa foku ya alumini, hasa yenye shokapu ya bei rahisi, unaweza kupasuka: ekseli inajisokota, inakata waya zake, na gurudumu la mbele linachomoka ukiwa mwendoni. Dawa yake ni kipande cha chuma chenye tundu la umbo la ekseli, kinachofungwa kwenye mguu wa foku. Hakizidi ukubwa wa kiganja, na kwenye seti nyingi za bei ya chini hakimo. Ukiona mota imefungwa kwenye foku ya alumini bila kipande hicho, usiulize inakimbia kiasi gani.

Basi mota iwekwe nyuma? Huko nako kuna mtego. Kruza nyingi breki yake imo ndani ya habu ya nyuma; unakanyaga pedeli kinyume, inashika. Ukitoa habu hiyo ukaweka mota, umeng'oa breki pekee ya baiskeli. Na hata ukiiacha ukafunga mota mbele, breki hiyo haikuundwa kwa kazi unayoipa. Katikati ya miaka ya 1970 vijana wa kaunti ya Marin, California, walichukua fremu kuukuu za kruza wakawa wanashindana kuteremka mlima. Breki zilipata moto hadi grisi ikatoa moshi, na baada ya mteremko habu ilibidi ifunguliwe na kujazwa grisi mpya. Baiskeli za milimani tunazoziona leo zilitokana na mchezo ule, lakini kwanza ilibidi watafute breki nyingine.

Phoenix na Hero zetu nyeusi hazina nafuu. Breki zake za fito zinabana rimu ya chuma, na mvua ikinyesha unabana huku baiskeli inaendelea na safari. Ukitoka kilomita 20 kwa saa ukafika 40, nguvu ambayo breki inatakiwa kuimeza haiwi maradufu, inakuwa mara nne. Hapa watu wa kiwandani wana haki ya kutamba. Baiskeli zao nyingi zinakuja na breki za diski zilizopimwa pamoja na uzito wake, na baadhi zina swichi kwenye mkono wa breki inayokata umeme wa mota mara unapogusa. Seti nyingi nazo zina mikono ya namna hiyo, ila huishia kubaki kwenye boksi kwa sababu mteja anaipenda ile yake ya kromu.

Tatizo la kiwandani linaanza siku baiskeli inapogoma. Skrini inaandika namba ya hitilafu, na programu ya kuisoma anayo wakala aliye nchi nyingine. Baiskeli ya fundi ikifa kontrola, kile kisanduku kinachoongoza umeme wa mota, unanunua nyingine ya volti hizohizo, unaunganisha waya, unaondoka.

Kwenye betri ndipo ninapowaacha wenzangu. Mwaka 2023 watu 18 walikufa jijini New York kwa moto wa betri za lithiamu, nyingi zikiwa za baiskeli na skuta za umeme. Kuanzia Septemba mwaka huohuo jiji likataka baiskeli za umeme zinazouzwa ziwe zimethibitishwa kwa kiwango cha usalama cha Marekani kiitwacho UL 2849, na likapiga marufuku kuuza betri zilizoundwa kwa seli zilizotolewa kwenye betri nyingine. Sisi tuna mafundi hodari wa kazi hiyohiyo: wanapasua betri za kompyuta mpakato, wanachagua seli zinazoshika chaji, wanaziunganisha. Kwa taa ya chumbani, sawa. Kwa baiskeli ya volti 36 unapanga makundi 10 ya seli mfululizo, na seli za kuokoteza hazichoki pamoja. Kundi dhaifu linajaa mapema kuliko mengine, lakini chaja inaendelea kusukuma hadi jumla ifike volti 42, kiwango cha kujaa kwa betri ya volti 36. Kinachoweza kuizuia ni saketi ndogo ya ulinzi, ambayo kwenye betri za kuunda ndiyo ya kwanza kurukwa ili kupunguza gharama. Ongeza chaja ya kuazima: ya betri ya volti 48 inatoa volti 54.6, na plagi yake inaweza kuingia vizuri tu kwenye ya 36.

Na betri hiyo inachajiwa wapi? Kwenye chumba cha kupanga chenye mlango mmoja na dirisha la nondo, baiskeli imeegeshwa mlangoni kwa kuogopa wezi, watoto wamelala ndani. Hapo sioni cha kupima pande mbili.

Nunua betri iliyofungwa kiwandani, hata kama ni ndogo. Ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360. Ukikanyaga pedeli mota ikakusaidia tu, kwa wati-saa kama 10 kila kilomita unapata kilomita 36. Ukivuta resi mwanzo mwisho bila kukanyaga, hesabu hiyo inaweza kukatika nusu. Ndiyo maana kwenye mwendo nachukua sheria ya Umoja wa Ulaya, ambako mota ya wati 250 inaacha kusaidia ikifika kilomita 25 kwa saa, kuliko ya majimbo mengi ya Marekani inayoruhusu daraja moja la baiskeli kufika kama 45. Waundaji wengi watanuna. Wanune.

Kwa anayekwenda kazini na kurudi, asiyebeba zaidi ya begi, na wakala yupo mjini kwake, ya kiwandani inamfaa. Anayebeba mzigo aundiwe, kwa sharti la mpangilio: breki kwanza, kisha foku na magurudumu, kisha betri ya dukani, mota mwisho. Mteja atalalamika kwamba ametoa nusu ya hela na baiskeli bado anaikanyaga kwa miguu. Mwache aikanyage hivyohivyo wiki nzima na gunia lake nyuma. Breki zikishika mteremkoni, mfungie mota.