Pakistan: jeshi limevivunja vyama, au vyama vimeliita jeshi?

Mjini Rawalpindi kuna bustani ya mikutano iitwayo Liaquat Bagh. Hapo ndipo Liaquat Ali Khan, waziri mkuu wa kwanza wa Pakistan, alipopigwa risasi Oktoba 1951. Benazir Bhutto, aliyewahi kuwa waziri mkuu, aliuawa akitoka kwenye mkutano hapohapo, tarehe 27 Desemba 2007. Baba yake, Zulfikar, naye waziri mkuu wa zamani, alinyongwa katika mji huohuo Aprili 1979, na ilipofika 2024 Mahakama ya Juu ikakiri kwamba kesi yake haikuendeshwa kwa haki. Rawalpindi ndiko yaliko makao makuu ya jeshi. Wapakistani wakitaja "Pindi" katika mazungumzo ya siasa, mara nyingi hawazungumzii mji.

Tangu uhuru wa 1947, hakuna waziri mkuu hata mmoja wa nchi hiyo aliyemaliza muhula wa miaka 5. Nawaz Sharif ameshika wadhifa huo mara 3, na mara zote 3 akaondoka kabla ya wakati. Kwa nini?

Wengi hujibu kwa neno moja: jeshi. Ayub Khan alichukua nchi 1958, akamwachia Yahya Khan 1969. Zia-ul-Haq akapindua 1977, Pervez Musharraf 1999. Ukijumlisha, majenerali wametawala moja kwa moja kwa zaidi ya miaka 30. Hata waliporudi kambini mkono wao ulibaki. Zia aliacha kifungu kilichompa rais uwezo wa kuvunja Bunge, na kati ya 1988 na 1996 serikali 4 zikafukuzwa kwa kifungu hicho. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba katika uchaguzi wa 1990 wanasiasa waligawiwa fedha ili kukizuia chama cha Benazir. Novemba 2022, siku chache kabla ya kustaafu, mkuu wa jeshi Qamar Javed Bajwa mwenyewe alikiri hadharani kwamba jeshi limeingilia siasa kwa miaka 70. Chama kinachovunjwa kila kikianza kuzoea kazi kitajifunzia wapi kutawala?

Wanaovilaumu vyama nao wana hoja nzito. Benazir alipouawa, ndani ya siku 3 uenyekiti wa chama ulikabidhiwa mwanawe Bilawal, kijana wa miaka 19 aliyekuwa bado masomoni, kwa kufuata wosia. Chama cha Nawaz nacho kimezunguka kati yake, mdogo wake Shehbaz na bintiye Maryam. Mwanachama wa kawaida wa Multan au Sukkur hana njia ya kufika juu isipokuwa kwa hisani ya ukoo.

Pande hizi mbili ziligongana kwenye karatasi ya kura ya Februari 2024. Pakistan, kwa kuwa wapiga kura wengi hawajui kusoma, kila chama hutambulika kwa alama yake: mshale wa akina Bhutto, simbamarara wa akina Sharif, gongo la kriketi la Imran Khan, waziri mkuu wa 2018 hadi 2022. Wazee wetu waliopiga kura kwa jembe na nyumba Tanzania ya 1965 wanaelewa uzito wa picha hiyo. Wiki chache kabla ya uchaguzi, gongo likaondolewa kwa sababu chama hakikufanya uchaguzi wake wa ndani kwa mujibu wa sheria. Kosa lilikuwepo kweli. Lakini adhabu iliangukia mamilioni ya raia. Wagombea wakaingia kama wagombea binafsi, kila mmoja na alama yake, mwingine akipewa bilingani. Siku ya kura mtandao wa simu ukazimwa. Watu walikariri alama moja moja, jimbo kwa jimbo, na wagombea hao wakapata viti vingi kuliko chama chochote. Kwangu mimi, anayesema Mpakistani hajawa tayari kujitawala amejibiwa siku ile.

Kwa hiyo mzigo mkubwa nauweka kwa jeshi. Lakini kuna kosa la vyama linaloniuma kuliko ukoo: kwenda kubisha hodi kambini kila wanaposhindwa na wenzao. Mei 2006, jijini London, Benazir na Nawaz walitia saini mkataba wakiahidi kutoomba msaada wa jeshi ili kuingia madarakani au kuiangusha serikali iliyochaguliwa. Ilikuwa ahadi bora kuliko zote katika siasa za nchi hiyo, na ilizaa matunda: 2010 Bunge likafuta kile kifungu cha Zia, na 2013 serikali ya kiraia ikakabidhi madaraka kwa nyingine kupitia sanduku la kura, kwa mara ya kwanza. Kisha Januari 2020 vyama vyote vitatu vikubwa, cha Imran kikiwemo, vilipiga kura pamoja kuruhusu muda wa Jenerali Bajwa uongezwe.

Mkataba ule wa London ulipendekeza pia mahakama maalumu ya katiba. Imekuja Novemba 2025, katika marekebisho yaleyale yaliyompa mkuu wa jeshi Asim Munir uongozi wa majeshi yote na kinga ya kutoshtakiwa maisha yake yote. Waliopitisha ni serikali ya Shehbaz Sharif ikiungwa mkono na chama cha Bilawal. Imran alihamishiwa gereza la Adiala, Rawalpindi, Septemba 2023. Nawaz alilala gereza hilohilo 2018, wiki ambazo Imran alikuwa anajiandaa kuapishwa.