Koti la rifleki sio kinga ya kemikali, jamani

Kuna tabia moja imezoeleka mpaka inanichosha. Lori limepinduka, kuna kitu kinavuja, hakuna anayejua ni nini, alafu anatokea jamaa kavaa koti la rifleki na helmeti nyeupe, anakatiza katikati ya dimbwi anatoa maelekezo, na watu wote wanamsikiliza kwa sababu tu kavaa. Lile koti kazi yake ni moja, dereva akuone. Basi. Mengi ni poliesta, yakipata moto yanayeyuka na kugandia kwenye ngozi, na penye mvuke wa petroli nguo za aina hiyo zinaweza hata kuzalisha cheche zenyewe kwa kusuguana.

Mimi niko kwenye mambo ya usalama wa usafirishaji, barabara ya Dar kwenda Tunduma, na watu wengi wanadhani ile njia inapitisha mafuta na kontena za kawaida tu. Inapita salfa kwenda kwenye migodi ya shaba ya Zambia na Kongo, na salfa ikiwaka inatoa gesi inayokaba koo na kuchoma mapafu. Yanapita makemikali mengine ambayo utingo ukimuuliza wamebeba nini anakwambia "mzigo wa mgodini bosi", hapo ndo mwisho wa taarifa.

Sasa msimamo wangu ni huu: hamna vazi la kinga la jumla jumla. Kuna vazi la kukukinga na kitu fulani, kwa dakika fulani, na kama hujui kilichomwagika ni nini basi kinga yako ni kukaa mbali na kusimama upande upepo unakotoka. Hata faya wenyewe. Lile koti lao zito limetengenezwa kwa ajili ya joto la moto, ukilipeleka kwenye asidi au dawa ya wadudu linanyonya, na wewe unatembea umevaa sumu mwilini. Geuza upande wa pili, zile suti za kemikali zinazofunika mwili mzima kama mfuko, nyingi hazihimili moto kabisa. Kwahiyo mtu anaposema "si wana gia?" mimi nauliza gia ya nini.

Kujua ni nini sio lazima usogee. Magari mengi ya kemikali yana kibao cha rangi ya chungwa chenye namba mbili, juu na chini. Juu 33 chini 1203, hiyo petroli. Juu 80 chini 1830, asidi ya salfa. Ukiona herufi X mbele ya namba ya juu, kitu hicho kinagombana na maji, usimwage maji mpaka aje anayejua. Simu zetu hizi zinavuta picha vizuri tu, soma kibao ukiwa mbali, piga 114 ya zimamoto uwasomee zile namba. Mwongozo wanaotumia waokoaji wa Amerika Kaskazini unasema petroli ikivuja watu wakae angalau mita 50 pande zote, na tanki likiwa ndani ya moto mita 800. Mia nane! Sisi tunajua ilivyokuwa Msamvu pale Morogoro tarehe 10 Agosti 2019, watu walikuwa wanachota petroli kwa madumu kwenye lori lililopinduka, likalipuka, wakafa zaidi ya 100. Kenya kule Sachangwan Januari 2009 vilevile zaidi ya 100, na Sange ya Kongo Julai 2010 zaidi ya 200. Hapo hata ungegawa makoti ya faya kwa kila mtu usingebadilisha kitu.

Turudi kwenye vifaa maana ndo penye uzembe wa kimyakimya. Chukua glavu. Zile nyembamba za hospitali za mpira wa asili, ukizichovya kwenye petroli zinavimba na kulegea ndani ya muda mfupi, jaribu uone. Nitraili, mpira wa kutengenezwa kiwandani, inavumilia petroli vizuri zaidi. Kuna mpira mwingine unaitwa butili, mzuri sana kwa asidi nyingi, lakini kwa petroli hovyo. Na ubaya wa kemikali ni kwamba zinaweza kupenya glavu bila kutoboa, huoni tundu, huoni unyevu, huku ndani inaingia. Ndo maana glavu za maana zinakuja na jedwali la dakika, kemikali hii dakika ngapi, ile ngapi. Waulize wanaonunua vifaa maofisini kama wamewahi kulisoma. Wao wanaangalia saizi na bei.

Barakoa za vichujio ndo balaa zaidi. Sehemu moja niliyowahi kufanya kazi (siitaji jina) zilikuwa zinaning'inia kwenye msumari stoo, vichujio vimeshafungwa kwenye barakoa, vimekaa bila kufunikwa miaka, mle ndani kuna rangi na thina, na kaboni ya kichujio inaendelea kunyonya harufu ya stoo usiku na mchana hata kama hakuna aliyeivaa. Siku ya tukio umevaa pambo. Alafu vichujio vina rangi zake, kwa mfumo wa Ulaya kahawia ni mivuke ya vitu kama thina na petroli, kijani ni amonia, kijivu ni gesi kama klorini, na mtu anavaa wowote uliopo ilimradi uso umefunikwa. Na kichujio hakitengenezi hewa! Kama oksijeni hakuna, kinachuja hewa isiyokutosha. Ndo zile habari za shimo la choo tunazozisikia kila mara, kaingia mmoja kimya, kaingia wa pili kumuokoa kimya, wa tatu hivyohivyo. Gesi ya mle harufu yake ni ya mayai viza, ila ikizidi inaua pua kwanza, unadhani imeisha kumbe ndo imekolea. Pale unahitaji mtungi wa hewa mgongoni na mwenzako nje ameshika kamba, la sivyo usiingie, na mtu asikuite mwoga.

Huo mtungi nao una mambo yake. Umeandikwa dakika 30 lakini hizo ni za mtu anayefanya kazi ya wastani, sio za mtu anayeburuta mwenzake juani saa nane mchana Chalinze akiwa ndani ya suti isiyotoa jasho. Toa dakika za kuingia, za kutoka, na za kuoshwa kabla hujavua, hapo kazi yenyewe umebaki na dakika za kuhesabu.

Na kuvua, jamani, kuvua. Watu wanakazana kujifunza kuvaa. Unaoshwa kwanza ukiwa bado unapumua hewa ya mtungi, mwingine anakusaidia kukunjua suti kwenda chini huku upande mchafu unageukia ndani, barakoa inakaa usoni mpaka suti imeondoka. Ukivua kwa haraka kisa joto unajipaka mwenyewe kile ulichokikwepa. Na asiyevaa chochote anaweza kuipata sumu hiyo kutoka kwako: Tokyo Machi 1995, sumu ya sarini ilipotegwa kwenye treni, wahudumu wa hospitali waliwapokea wagonjwa wakiwa na nguo zao zilezile na wao wenyewe wakaanza kuona giza na macho kuuma.

Najua jibu linalokuja, vifaa ni ghali. Ni kweli, suti kamili na mtungi ni hela ndefu na sitegemei kila wilaya iwe navyo kesho. Lakini ninachokipinga ni kununua suti mbili za kupigia picha siku ya uzinduzi alafu hamna mazoezi, hamna wa kujaza mitungi, hamna hata sehemu ya kufulia. Hilo la kufulia halitajwi kabisa. Mtu ametoka kwenye tukio, nguo zimelowa kitu asichokijua, anazikunja kwenye mfuko wa salfeti anapanda nazo daladala, nyumbani mama watoto anazifua beseni moja na sare za shule. Ningekuwa na bajeti ya kituo kimoja ningeanza na mashine ya kufulia palepale kituoni na jozi ya pili ya nguo za kazi, hiyo suti ya kupigia picha ije baadaye.