Mechi mbili zimebaki: timu ya wasichana ijitoe au imalize?

Timu ya mpira wa miguu ya wasichana ya chuo kikuu kimoja hapa Lubumbashi iko mkiani mwa msimamo wa mashindano ya vyuo. Haijashinda mechi hata moja tangu msimu uanze, na imebakiza mechi mbili ambazo hata ikizishinda zote haitapanda nafasi. Katika kamati ya michezo ya chuo hicho kumezuka pendekezo kwamba timu iandike barua ya kujitoa, wachezaji warudi kwenye maandalizi ya mitihani, na fedha kidogo zilizosalia zipewe timu ya wavulana ambayo bado ina matumaini ya kufika nusu fainali. Pendekezo hilo limewagawa watu, na si haki kulitupilia mbali kana kwamba limetolewa na maadui wa soka la wanawake, kwa sababu baadhi ya wanaoliunga mkono ni wachezaji wenyewe.

Hoja zao zinaonekana kwa macho. Timu hii imezoea kufika uwanjani na wachezaji kumi na mmoja au kumi na wawili. Mlinda mlango huazima glavu za kipa wa wavulana, ambazo vidole vyake vinabaki vitupu nchani, na kwenye benchi la akiba mara nyingi huketi msichana mmoja aliyefungwa bandeji kwenye kifundo cha mguu, ambaye kila mtu anajua kwamba hawezi kuingia. Sheria ya 3 ya soka inaruhusu mechi kuchezwa mradi kila timu ina wachezaji wasiopungua saba, lakini kinachoruhusiwa na sheria si lazima kiwe salama kwa mwili. Wanawake wanaocheza mpira huumia ligamenti ya mbele ya goti takriban mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na ligamenti hiyo ikikatika kabisa mchezaji hukaa nje miezi tisa au zaidi, mbali na gharama ya upasuaji ambayo familia nyingi za hapa haziwezi kuibeba. Mchezaji asiye na wa kumpokea hucheza hata pale mguu unapomwambia atoke. Anayesema kwamba mechi mbili zisizo na faida hazistahili goti la mwanafunzi anayelipiwa minerval, yaani karo ya chuo, kwa taabu na wazazi wake, hasemi upuuzi.

Kuna pia suala la saa. Mechi za wasichana hupangwa baada ya zile za wavulana, au hungoja uwanja uachwe wazi, na msichana anayeishi katika mitaa kama Katuba au Ruashi hujikuta akitafuta taksi-basi giza limeshaingia. Mzazi anayemkataza binti yake kucheza mara nyingi hakatazi mpira wenyewe, bali safari hiyo ya kurudi. Kuhusu aibu ya kufungwa mabao mengi mbele ya watu wanaocheka, sitakaa nayo sana: inauma, lakini wachezaji niliowasikia hawakuitanguliza.

Upande wa pili una hoja moja ambayo naona haijasemwa kwa sauti ya kutosha, nayo haihusu heshima wala ushujaa. Mashindano ya mzunguko ni hesabu ya pamoja, na timu inayojitoa katikati huivuruga hesabu ya kila timu nyingine. Kanuni za mashindano mengi humpa mpinzani ushindi wa 3–0 kwa forfeti pale timu isipofika uwanjani, na nyingine hufuta kabisa matokeo yote ya timu iliyojitoa. Kwa njia ya kwanza, timu iliyowafunga wasichana hawa manane mwezi uliopita inabaki na mabao yake manane, wakati ile iliyopangwa kucheza nao Jumamosi ijayo inapewa matatu tu, na kama hizo mbili zinagombea nafasi ya kwanza kwa tofauti ya mabao, kombe litakuwa limeamuliwa na barua iliyoandikwa ofisini. Kwa njia ya pili, timu iliyotumia nauli na jasho kupata pointi tatu inanyang'anywa pointi hizo, mshambuliaji wake anapoteza mabao aliyofunga siku hiyo, huku timu iliyotoka sare na walio mkiani ikifutiwa aibu yake bila kufanya lolote. Wapinzani hao hawakuwa na mkono katika udhaifu wa chuo hiki, tena nao ni timu za wasichana zenye shida zilezile. Ni vigumu kueleza kwa nini wao ndio walipe.

Mwaka 2020 ligi yetu kuu ya wanaume, Linafoot, ilikatishwa kwa sababu ya korona, na TP Mazembe, klabu ya hapa Lubumbashi, ikatangazwa bingwa bila mechi zote kuchezwa. Wapo wanaoutaja uamuzi huo kama ushahidi kwamba kusimamisha si dhambi. Ni kweli, lakini pale walisimama wote kwa siku moja na kwa sababu moja. Timu moja kuondoka wakati nyingine zikiendelea ni jambo lenye sura nyingine kabisa.

Kwa kuwa nimeitaja Mazembe, niseme pia jinsi jina hilo linavyoupotosha mjadala huu mjini mwetu. Tarehe 23 Novemba 2024 timu ya wanawake ya klabu hiyo, chini ya kocha Lamia Boumehdi, iliifunga AS FAR ya Moroko 1–0 mjini El Jadida na kutwaa Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya CAF, shirikisho la soka la Afrika. Tangu siku hiyo, mtu akiwaona wasichana wa chuo wakifungwa huuliza mbona hawachezi kama wale wa Kamalondo, mtaa wenye uwanja wa Mazembe. Wanaotaka timu imalize msimu nao wana jibu lao tayari: mwaka 2022 Mazembe hiyohiyo ilishiriki mashindano hayo ikatolewa katika hatua ya makundi, na miaka miwili baadaye ikarudi kuwa bingwa, kwa hiyo uvumilivu hulipa. Mimi naona mfano huo hausaidii upande wowote. Kilichosimama kati ya 2022 na 2024 ni klabu yenye fedha, uwanja wake wenye nyasi bandia, na wachezaji ambao mpira ndio kazi yao. Mwanafunzi wa sheria anayefanya mazoezi baada ya masomo, akiwa amekula mchana andazi moja, hawezi kupimwa kwa kipimo hicho, wala hawezi kuahidiwa kwamba akivumilia tu atafika huko.

Mlinganisho wenye manufaa zaidi uko Marekani. Huko sheria ya mwaka 1972 ijulikanayo kama Title IX ilikataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali ya shirikisho, na mashindano ya kitaifa ya soka ya wanawake chini ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, yalianza mwaka 1982. Msimu wao hubanwa kati ya Agosti na Novemba, hakuna kushuka daraja, na timu iliyopoteza karibu kila mechi kwa kawaida hucheza ratiba yake hadi mwisho. Si kwamba wasichana wa huko wana moyo zaidi kuliko wa hapa; ni kwamba kuwepo kwa timu hakutegemei matokeo ya wiki iliyopita, kwa sababu chuo kinachokiuka sheria hiyo kinajua kwamba kinaweza kunyimwa fedha. Sisi hapa Kongo tunayo ibara ya 14 ya Katiba ya 2006 na sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 kuhusu haki za mwanamke na usawa, lakini katika kikao cha kugawa bajeti ya michezo ya chuo sijawahi kusikia mtu akizisoma.

Hapo ndipo ninapolitilia shaka pendekezo la kamati, hasa sehemu yake ya fedha. Mwaka timu ya wavulana ilipomaliza mkiani, hakuna aliyependekeza bajeti yake ihamishiwe kwa wasichana. Fungu likishahamishwa mara moja, msimu ujao litaandikwa moja kwa moja upande wa wavulana, na atakayelidai ataulizwa timu yenyewe iko wapi.

Tena ukiwauliza wanaofuatilia mechi hizi mabao yaliingia dakika gani, jibu lao ni lilelile: mengi yaliingia baada ya mapumziko. Kipindi cha kwanza wasichana hawa hushindana. Miguu ikiisha, huku mpinzani akiingiza watu watatu au wanne wapya, ndipo mlango unapofunguka. Hilo linawasuta wanaosema hawajui mpira, na wakati huohuo linawapa nguvu wanaohofia majeraha, kwani dakika hizohizo za uchovu ndizo za hatari.

Kwa hiyo naona timu imalize mechi zake mbili, ila isizimalize kama ilivyocheza zilizotangulia. Kwa mpira wa ngazi ya chini sheria za soka zinaruhusu vyama vya taifa kukubali vipindi vifupi na mchezaji aliyetoka kurudi uwanjani. Waandaaji wa mashindano haya waombwe ruhusa hiyo mapema, si asubuhi ya mechi. Mechi ianze saa nane mchana, ya wavulana ifuate. Kabla yake wachezaji wafanye mazoezi ya kupasha mwili ya FIFA 11+, ambayo huchukua kama dakika 20, hayahitaji vifaa zaidi ya mpira, na yamethibitika kupunguza majeraha kwa wasichana. Fakulte ya tiba itoe mtu mmoja wa kukaa kando ya uwanja akiwa na mamlaka ya kumtoa mchezaji hata kama timu itabaki pungufu kwa mmoja. Anayetaka kupumzika kwa ajili ya mtihani aruhusiwe bila kuitwa msaliti.

Swali la kama chuo kinapaswa kuwa na timu hii ni halali, lakini mahali pake ni baina ya msimu na msimu, kabla mpinzani hajapangiwa ratiba. Likijadiliwa wakati huo, litahusu mambo yanayojibika: wachezaji wasiopungua kumi na wanane walioandikishwa, nauli ya kurudi nyumbani baada ya mazoezi, na saa za uwanja zilizoandikwa kwa jina la wasichana. Majibu yakikosekana, chuo kisiandikishe timu, na barua ya kulitangaza hilo itiwe sahihi na aliyekataa kutoa fedha badala ya kuachiwa kocha.