Neno Lililobaki Kimbwetani

Nilipofika chuoni mwezi Oktoba, wanafunzi waliotutangulia walitupokea kwa onyo moja lililorudiwa mpaka likawa kama salamu: chungeni alama za muhula. Katika chuo chetu kila somo huhesabiwa kwa alama 100, na 40 kati ya hizo hukusanywa kabla ya mtihani wa mwisho, kwa majaribio, kazi ya mtu binafsi na kazi ya kundi. Anayeingia kwenye mtihani akiwa na 30 hulala usingizi. Anayeingia na 17 huanza kuota supu, na si ile ya kuku bali mtihani wa marudio. Mimi nilidhani kazi ya kundi ingekuwa rahisi kuliko zote.

Katika somo la taaluma za maendeleo, kundi letu la watu 12 lilipewa swali la kwa nini mkulima mdogo hubaki maskini hata bei ya zao lake inapopanda. Tulikutana jioni kwenye kimbweta, meza ya saruji ya kujisomea nje, kilicho nyuma ya maktaba. Kijana mmoja wa Newala, ambaye darasani hakuwahi kuinua mkono tangu muhula uanze, alitueleza habari za kangomba, yaani ununuzi wa korosho nje ya soko rasmi, kwa karibu nusu saa. Alieleza jinsi mkulima wa korosho anavyoishiwa fedha ya chakula na ya shule miezi kadhaa kabla ya msimu, jinsi mnunuzi anavyomfuata nyumbani na kumpa fedha kidogo kwa ahadi ya korosho ambazo bado ziko mtini, na jinsi mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwenye zao hilo mwaka 2007 ili korosho zikusanywe na vyama vya msingi vya ushirika na kuuzwa kwa mnada, unavyoshindwa kumkomboa mtu huyo, kwa kuwa mnada una siku zake na mkulima keshakula fedha ya mwenziwe. Tena, alisema, mnunuzi huyo si lazima awe mgeni mwenye gari kubwa. Anaweza kuwa mwenye duka wa pale pale kijijini, anayekukopesha sukari. Binti wa Karagwe akadakia kwamba kwao kahawa inayouzwa ikiwa bado mtini huitwa butura, na kwamba anaijua familia iliyouza hivyo misimu mitatu mfululizo. Tulibishana hadi giza likaingia, na sikumbuki mtu kushika simu.

Kisha ikaja kazi ya kuandika, na kuandika ni kwa Kiingereza. Kati yetu 12, wawili tu ndio tulioaminika kwa lugha hiyo, mimi nikiwa mmoja wao, si kwa akili nyingi bali kwa sababu wazazi wangu walimudu kunipeleka shule ya msingi inayofundisha kwa Kiingereza. Tuliandika usiku kucha katika chumba cha mwenzangu, ambamo mimi mwenyewe nilikuwa nimebebwa, maana sikupata nafasi ya bweni na tulikuwa tukilala wawili kwenye kitanda cha mtu mmoja. Kwa neno kangomba hatukupata mwenzake, na uvivu wa saa nane za usiku ukatushauri tuandike tu kwamba walanguzi huwanyonya wakulima, sentensi ambayo imo katika kila desa, yaani muhtasari wa masomo, lililowahi kuuzwa steshenari. Butura haikutajwa kabisa. Asubuhi majina 12 yakapangwa kwenye jalada, yakiwemo ya wawili ambao kimbwetani hatukuwahi kuwaona, lakini walilipia uchapishaji kwa kuwa boom, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, lilikuwa limeingia wiki ile.

Siku ya kuwasilisha, mhadhiri aliniita mimi na kuniuliza swali moja la haki kabisa: hao walanguzi mnaowataja hupataje mazao kabla ya mnada? Jibu nililijua, lakini nililijua kwa Kiswahili na kwa kinywa cha mtu mwingine. Nilizunguka kwa Kiingereza chepesi kwa muda wa dakika nzima, huku kijana wa Newala akiwa ameinamia meza yake, safu ya tatu. Tulipata 5 kati ya 10, na sikuona kwamba tumeonewa.

Husemwa kwamba wanafunzi wa siku hizi ni wavivu na kwamba kazi za makundi zimekuwa maficho yao. Kwa wale wawili wa jalada, nakubali. Lakini lawama hiyo haimgusi aliyetupatia hoja yote na akashindwa kuitetea mbele ya darasa. Wengi wetu tulisoma miaka 7 ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari kwa Kiingereza cha vitabuni ambacho mwalimu alilazimika kukifasiri ili tumwelewe, na hata chuoni, jambo linapokuwa gumu, mhadhiri hugeukia Kiswahili kwa dakika mbili, ukumbi mzima ukaamka, kisha tukarudi kulala. Matokeo yake ni kwamba kundi hugawanyika katika mwenye fikra, mwenye lugha na mwenye fedha ya uchapishaji, na wote watatu hupewa alama ileile.

Najua vitabu vingi tunavyovisoma ni vya Kiingereza, na waajiri wanakitaka; sidai kifutwe. Ninachokataa ni dhana kwamba Kiswahili hakibebi elimu ya juu, ilhali Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha isimu na fasihi ya Kiswahili kwa lugha hii tangu miaka ya 1970, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliruhusu itumike katika ngazi zote. Najua pia kwamba mhadhiri mmoja husahihisha kazi za mamia ya wanafunzi, na ndiyo maana makundi yanakuwa makubwa kiasi hiki. Basi walau semina, ambazo ni mazungumzo, ziruhusu mtu ajibu kwa lugha aliyofikiria, na kila kundi liambatishe ukurasa mmoja unaoeleza nani alileta hoja gani.

Kazi yetu ya pili ilihusu mikopo midogo. Safari hii kalamu tulimpa binti wa Karagwe, mimi nikabaki kusahihisha sarufi, na neno kausha damu, jina la mikopo midogo ya riba kubwa, tukaliacha lilivyo katikati ya Kiingereza, likifuatiwa na nusu ukurasa wa maelezo ya jinsi mama lishe anavyokopa asubuhi na kuanza kurejesha jioni ileile. Kijana wa Newala aliomba awasilishe yeye, na amekuwa akijizoeza kila jioni, kwa sauti ya chini, akitembea kuzunguka kimbweta. Tunawasilisha Jumatano.