Inspekta Gently na mashtaka ya miaka ya sitini

Tamthilia ya upelelezi ya Inspector George Gently ilianza kurushwa na BBC mwaka 2007 na kumalizika Oktoba 2017, ikiwa na sehemu 25, kila moja ndefu kama filamu. Kisa kinaanza 1964 na kukoma 1970. Martin Shaw anaigiza Gently, mpelelezi wa makamo ambaye mkewe aliuawa na majambazi wa London. Gently ameuchoka uoza uliomo ndani ya jeshi la polisi la jiji hilo, na anahamia kaskazini mashariki mwa Uingereza, kwenye nchi ya migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya meli. Huko anapewa msaidizi kijana, Sajini John Bacchus, anayeigizwa na Lee Ingleby. Maiti inapatikana, upelelezi unafuata, na nyuma yake daima kuna jambo lililokuwa likiitikisa nchi wakati huo: adhabu ya kifo, mapenzi ya jinsia moja, wasichana waliozaa kabla ya ndoa wakalazimishwa kuwatoa watoto wao walelewe na wengine, ubaguzi wa rangi, kufungwa kwa migodi.

Watazamaji wamegawanyika. Wako wanaoona kwamba ni kazi nadra iliyoionyesha miaka ya sitini bila kuipamba. Wengine wanasema ni watu wa leo waliovikwa suti za zamani ili tuwacheke waliotutangulia kwa ujinga wao, kisha tulale tukijiona tumestaarabika. Nimeitazama kwa mapenzi makubwa, na bado naona kundi la pili lina hoja isiyopaswa kupuuzwa.

Tuanze na Gently mwenyewe. Ni mtu aliyepigana Vita Kuu ya Pili, amevaa kofia na koti refu, anazungumza kwa upole. Lakini katika karibu kila suala la kijamii anasimama palepale ambapo mhariri wa gazeti la kiliberali angesimama mwaka 2010. Hawadharau mashoga, hawahukumu kina mama wasioolewa, na mtu mweusi kwake ni mtu tu. Maneno machafu ya enzi hiyo amepewa Bacchus ayaseme, na Gently ameachiwa kazi ya kumkemea. Mtazamaji anajikuta ameketi upande wa mzee huyu mwadilifu tangu dakika ya kwanza, wala hadaiwi chochote. Haulizwi angesimama wapi kama angezaliwa 1915 kwenye kijiji cha wachimba makaa.

Hata hivyo, wanaosema mtu wa aina hiyo hakuwepo wanakosea. Sheria zilizoibadili Uingereza miaka ile hazikutungwa na vijana wa nywele ndefu. Sydney Silverman, mbunge aliyepigania kufutwa kwa kunyongwa, alizaliwa 1895. Watu 2 wa mwisho kunyongwa Uingereza walinyongwa siku moja, tarehe 13 Agosti 1964, na mwaka uliofuata muswada wa Silverman ukapita. Leo Abse, aliyeusukuma ule wa 1967 wa kuacha kuwashtaki wanaume wanaopendana faraghani, alizaliwa 1917. Hawa ni wa rika la Gently, au wakubwa wake. Mzee wa miaka 50 na kitu mwenye mawazo yake alikuwepo, na alikuwa na kura Bungeni.

Ila hao walikuwa wabunge. Gently ni askari, na hapo ndipo shaka inaporudi. Mwaka 1963 wapelelezi wa Sheffield waliwapiga watuhumiwa kwa kiboko cha ngozi ya kifaru. Mwaka huohuo, mjini London, sajini aitwaye Harold Challenor aliwabambikia waandamanaji vipande vya matofali akidai walikuwa wamevibeba kama silaha. Mmoja wao aliponea mahakamani kwa sababu mfuko wa koti lake, ulipopimwa, haukuwa na hata chembe ya vumbi la tofali. Na baada ya sheria ya 1967 kupita, wanaume walioshtakiwa kwa mapenzi yao hadharani, au kwa yale ambayo polisi waliyaita hadharani, hawakupungua, bali waliongezeka. Sheria ilibadilika, ila aliyetakiwa kuisimamia barabarani alikuwa yuleyule wa jana. Mpelelezi mkuu mwenye moyo wa Gently huenda aliwahi kuwepo mahali fulani, lakini tamthilia inamfanya awe ndiye sura ya taasisi nzima, na kwa taasisi ile huo ni upendeleo mkubwa.

Kinachoiokoa kazi hii, kwa maoni yangu, ni Bacchus. Waandishi wangeweza kumfanya mbaguzi wa kuchukiza tu. Badala yake wamempa ucheshi, tamaa ya kupanda cheo, udhaifu kwa wanawake na woga wa kuonekana mshamba. Anapenda kila kipya: nguo, muziki, magari. Ukimtazama utadhani ndiye kijana wa miaka ya sitini hasa. Kisha anafungua mdomo kuhusu mwanamke, au shoga, au mtu mweusi, na unamsikia babu yake. Hapo tamthilia imegusa ukweli wa enzi ile, na pengine wa kila enzi. Mitindo huwahi kufika, dhamiri hufika baadaye sana, na zote mbili huweza kukaa kwa miaka ndani ya mtu mmoja bila kugombana. Tunampenda Bacchus. Anapokosea inatuuma, maana hatuwezi kumtupa.

Katika misimu ya mwisho askari wa kike, Rachel Coles, anapewa nafasi kubwa zaidi, na sehemu moja ya 2015 inahusu wanawake walioshambuliwa na namna polisi walivyowapokea. Kuna watakaoona kwamba imetiwa chumvi. Ningewaomba wakumbuke kilichoonyeshwa na BBC hiyohiyo Januari 1982, safari hii bila waigizaji: filamu ya Roger Graef iliyorekodiwa ndani ya jeshi la polisi la Thames Valley. Mwanamke ameketi chumbani akieleza kwamba amebakwa. Mbele yake kuna wapelelezi wa kiume. Wanamkatiza, wanapandisha sauti, wanamwambia wazi kwamba hawamwamini. Kamera ipo pale, wanajua ipo, na hawaoni sababu ya kubadilika, kwa sababu kwao hiyo ndiyo kazi. Nchi ilichafukwa, na utaratibu wa kuwapokea waathirika ukaanza kubadilishwa. Hiyo ilikuwa miaka zaidi ya 10 baada ya kisa cha Gently kukoma. Na ilikuwa mwaka 1991 ndipo mahakama za Uingereza zilipokubali kwamba mume anaweza kushtakiwa kwa kumbaka mkewe. Tamthilia haijatia chumvi. Kama ina kosa, ni la kutufanya tudhani mambo hayo yaliisha pamoja na miaka ya sitini.

Uamuzi mwingine unaostahili sifa ni wa mahali. Vitabu vya Alan Hunter, ambavyo Gently ametolewa humo, vina mizizi Norfolk, mashariki ya nchi, navyo vilipoanza kuandikwa 1955 vilizungumzia wakati wao wenyewe. Peter Flannery, aliyevigeuza kuwa tamthilia, ni mtu wa kaskazini mashariki, na aliwahi kuandika kuhusu ufisadi wa huko, ule uliomwingiza gerezani T. Dan Smith, aliyekuwa kiongozi wa halmashauri ya Newcastle. Akamhamishia Gently nyumbani kwake, na miaka ya sitini ikapata sura tofauti kabisa na ile ya sketi fupi na maduka ya mitindo ya Carnaby Street, London.

Durham, kaunti ya migodi ya hukohuko kaskazini mashariki, wakati ule ilikuwa na vijiji 114 ambavyo mpango wa kaunti wa 1951 ulivihukumu kufa. Makaa yakipungua, visijengewe nyumba mpya, visiongezewe huduma, watu wahame taratibu. Kwa mzee wa kijiji kama hicho, "mabadiliko ya jamii" hayakuwa wimbo redioni. Yalikuwa barua ya ofisi ikimwambia mtaa wake hauna kesho. Sehemu inayohusu kifo mgodini inaonja uchungu huo vizuri, na hapo tamthilia nyingine ya aina yake, Endeavour, ambayo kisa chake kipo Oxford ya 1965 hadi 1972, haiifikii. Endeavour ni nzuri kwa macho, na sehemu yake ya 2020 kuhusu wahuni wa kibaguzi na migahawa ya Wahindi wakati wa uchaguzi wa 1970 ni ya maana. Lakini Oxford ina majengo mazuri mno, na mara nyingi uzuri huo unashinda.

Sasa kwenye upungufu ninaouona mimi, na si ule wa suti na misemo. Hadithi ya upelelezi inadai muuaji mwenye jina. Lazima dakika ya 85 apatikane mtu, afungwe pingu. Kwa hiyo kila dhuluma ya kijamii inayoingia kwenye hadithi hii inaishia kuwa na mkosaji mmoja.

Chukua sehemu iitwayo Gently Northern Soul, ya 2012. Ni mwaka 1968. Msichana mweusi anauawa baada ya dansi la kukesha la muziki wa soul, wakati nchi bado inawaka moto wa hotuba ya kupinga wahamiaji aliyoitoa mbunge Enoch Powell tarehe 20 Aprili mjini Birmingham. Ni sehemu yenye nguvu. Inaonyesha vijana wa kizungu wanaoabudu sauti za Wamarekani weusi, ilhali jirani yao mweusi hawamtaki. Lakini yule ambaye maisha yake yangetueleza mengi zaidi ni maiti, ameshakufa kabla hatujamjua, na tunamsikia kupitia midomo ya wengine. Na muuaji akishakamatwa, mtazamaji anapumua.

Mwaka huohuo, wiki 7 kabla ya Powell kusimama jukwaani, lilitendeka jambo lisilo na maiti wala muuaji, na lilitugusa sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Kenya ilikuwa imepitisha mwaka 1967 sheria za vibali vya kazi na leseni za biashara zilizowabana wasio raia. Wahindi wengi wa Nairobi, Mombasa na Kisumu walikuwa wamebaki na pasi za Uingereza tangu uhuru. Pasi hizo zilikuwa na siri ndogo ya kisheria. Sheria ya uhamiaji ya 1962 iliwabana wenye pasi zilizotolewa na serikali za makoloni, ila si zilizotolewa na serikali ya Uingereza yenyewe. Baada ya uhuru pasi za Nairobi zikawa zinatolewa na ubalozi wa Uingereza, hivyo mwenye nayo alikuwa na haki ya kuingia. Februari 1968 watu wakafurika uwanja wa ndege wa Embakasi. Serikali ya chama cha Labour, ileile ya mageuzi tunayoisifu, ikaupitisha muswada Bungeni kwa siku 3. Kuanzia tarehe 1 Machi, mwenye pasi alitakiwa awe yeye mwenyewe, au mzazi, babu au bibi yake, amezaliwa Uingereza au amepewa uraia huko, na waliobaki wakatengewa vibali 1,500 tu kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba huo ulikuwa ubaguzi wa rangi.

Gently angemkamata nani hapo? James Callaghan, waziri wa mambo ya ndani, hakumpiga mtu. Walipiga kura, wakasaini, wakaenda nyumbani. Silaumu tamthilia moja kwa kutoisimulia kila habari ya 1968. Nasema umbo lake linaivuta kuelekea kwenye chuki ya mtu wa mtaani, na kuiacha kando chuki iliyoandikwa kwa lugha ya staha na kupigwa muhuri. Mtazamaji wa Uingereza anatoka akijua kwamba babu yake alikuwa na mdomo mchafu. Anaweza asijue kamwe bunge lake lilifanya nini.

Ndiyo maana naiweka juu ya zote sehemu ya 2017 iitwayo Gently Liberated. Mwanamke amefungwa kwa kumuua mumewe, na kesi iliyomtia gerezani ilipelelewa na Bacchus miaka ya nyuma. Hapa kosa halikai tena kwa mhalifu wa nje. Liko kwenye jalada, limeandikwa kwa mwandiko wa mtu tunayempenda, likapitishwa na mahakama iliyomwamini. Rachel Coles anaposhikilia kwamba lifunguliwe upya, anagombana na ofisi yake mwenyewe. Anayetaka kuijua tamthilia hii aitazame kwanza sehemu ya 1964, amwone Bacchus akianza kazi, kisha aruke moja kwa moja hadi hii.